Kila nikimsogelea anaruka! Maswali yenu kuhusu picha za ndege na wanyama wa porini

Haya jamani, tangu niguse kidogo habari za kupiga picha ndege kwenye toleo lililopita meseji zimemiminika, na nikizisoma naona karibu zote zinalia kilio kimoja, nimemwona, nimemsogelea, kaondoka. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha maana kuna ndugu mmoja aliandika kurasa tatu kuhusu kunguru mmoja. Kabla hatujaanza, wawindaji wa zamani walikuwa na maneno mawili, kunyatia na kuvizia. Kunyatia ni wewe unamfuata mnyama, kuvizia ni wewe unakaa yeye anakuja. Yashikeni hayo mawili maana nitayarudia, na nisiwafiche, mimi ni wa kuvizia.

Mtaalamu habari. Nina kamera nzuri tu na lenzi ya milimita 300 lakini kila nikimwona ndege nikaanza kumwendea polepole kabisa, nimeinama, natupa mguu kama paka, nikifika kama mita 20 hivi anaruka. Sio mmoja, ni wote! Memori kadi imejaa matawi matupu. Nakosea wapi? – Mpiga Picha wa Matawi

Pole sana na karibu chamani, mimi mwenyewe nina folda nzima ya matawi, mengine yametoka vizuri tu.

Jibu umeliandika mwenyewe, "kama paka". Sasa ndugu yangu, huyo ndege katika maisha yake yote kitu gani kimewahi kumjia kimeinama, polepole, kimemkodolea macho, kinanyoosha mstari mmoja mpaka alipo? Ni paka, au ndugu zake paka. Wewe unajiona mpole kumbe yeye anaona mtu anayemtaka kwa chakula. Ndio maana sehemu ambazo watu wanapita kila siku unaweza kutembea kawaida tu, unaongea na mwenzako, ndege asijali kabisa, ukianza kunyata ndio anakurupuka.

Kila mnyama ana umbali wake ambao ukiuvuka anaondoka. Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi aliyesimamia bustani za wanyama za Bern, Basel na Zurich, ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri katika karne iliyopita, kwamba mnyama hakimbii ovyo, ana mpaka wake, na mpaka huo unabadilika kwa aina ya mnyama na kwa jinsi alivyozoea watu. Lakini kwa mpiga picha mpaka ule wa kukimbia sio wa maana sana, wa maana ni ule unaotangulia, pale anapoacha alichokuwa anafanya akakutazama. Hapo ndio pa kusimama. Watu wengi wanaona ndege hajaruka wanadhani mambo shwari wanaongeza hatua mbili, kwisha habari.

Kwa hiyo jifunze kumsoma. Ndege aliyetulia amejitunisha kidogo, anakula au anajisafisha manyoya, labda kasimama na mguu mmoja. Akianza kukushuku shingo inarefuka, manyoya yanambana mwilini anaonekana mwembamba ghafla, anageuza kichwa pembeni (hakudharau, macho yake yako ubavuni kwa hiyo ili akuone vizuri anakutazama kwa jicho moja). Akishaanza kuchuchumaa kidogo, kugeukia upepo unakotoka na mara nyingine kuachia choo, huyo ameshaamua, inua kamera upate picha ya kuruka maana ndege huruka kuelekea upepo na ukijua upepo unatoka wapi unajua anaenda wapi.

Ukiona shingo imerefuka ganda. Hata kama mguu uko hewani. Subiri arudi kula. Akirudi ongeza hatua mbili tatu, ganda tena. Asiporudi kwa dakika kadhaa, rudi nyuma. Ndio, rudi nyuma kidogo, jambo ambalo hakuna anayetaka kulifanya lakini linafanya kazi kuliko yote, ukimpa nafasi anatulia, na safari ya pili anakuruhusu mbele zaidi ya pale mwanzo.

Halafu usimwendee moja kwa moja. Nenda mshazari, kama unapita zako kwenda kwingine, ukifika pembeni geuka urudi mshazari upande mwingine, kila ukipita umesogea kidogo. Usimkazie macho. Kamera iwe tayari usoni tangu uko mbali, maana kile kitendo cha kuinua lenzi ghafla ni kama jicho kubwa jeusi limefumbuka mbele yake. Na ukiweza kushuka chini kabisa, magoti, halafu tumbo, shuka, mtu aliyesimama anatisha, mtu aliyelala kifudifudi hata ndege hajui amweke kundi gani. Faida ya pili ni kwamba picha inakuwa usawa wa macho yake na nyuma panakuwa laini. Hasara yake utajua ukifua.

Na usilalamikie hiyo 300. Ukipunguza umbali kwa nusu, ndege anakuwa mkubwa mara mbili kwenye fremu. Yaani kutoka mita 20 kwenda mita 10 ni sawa na mtu kukupa lenzi ya 600 bure.

Sasa nije kwenye kuvizia. Wapo ndege wenye tawi lao. Mdiria anakaa tawi lile lile juu ya maji, keremkerem anatoka anakamata mdudu hewani anarudi pale pale. Huyo usimnyatie hata kidogo. Mwangalie kwa mbali, ujue tawi lake, akiondoka kwenda zake ndio wewe unatembea kawaida unakwenda kukaa karibu na lile tawi, umetulia, kamera imeshaelekezwa. Akirudi anakukuta upo, hajakuona unakuja, na tofauti ya hayo mawili kwake ni kubwa sana. Mara ya kwanza anaweza kusita akae tawi la mbali, muache, usimgeuzie lenzi kila anapokwenda.

Ah na jambo la mwisho, piga darubini kwanza. Mimi niliwahi kutambaa dakika 40 kwenye nyasi zenye umande namwendea bundi aliyelala chini ya mti. Kisiki.

Je ni lazima kununua zile nguo za madoadoa ya majani? Na lenzi nazo naona watu wanazivalisha. – Mvaa Fulana Nyeupe

Sio lazima, ila hiyo fulana nyeupe tuiache nyumbani. Kinachokuuza kwanza ni kutikisika, pili ni umbo la mtu, kichwa juu ya mabega, tatu ni vitu vinavyong'aa, na rangi inakuja baada ya hapo. Watu wanavaa madoadoa kuanzia shingoni mpaka viatuni halafu uso na viganja viko wazi, na viganja ndivyo vinavyocheza muda wote. Kofia yenye ukingo, kitambaa chepesi cha kuziba uso na glovu nyembamba vitakusaidia kuliko suruali ya gharama.

Ila rangi nayo ina hadithi yake. Ndege anaona rangi kuliko sisi, ana aina nne za seli za kuonea rangi sisi tuna tatu, na wengi wao wanaona hata ule mwanga unaopita zambarau ambao sisi hatuuoni kabisa. Wanyama kama kulungu na jamii zao wana aina mbili tu, nyekundu na rangi ya chungwa kwao hazitofautiani sana na majani ila bluu wanaiona vizuri mno. Kwa hiyo jinzi yako ya bluu inapiga kelele kuliko koti la chungwa! Na zile sabuni za unga zinazofanya nguo ing'ae zinaacha kitu kwenye kitambaa kinachorudisha mwanga wa kibluu, nguo za porini fua na sabuni ya kawaida.

Chagua kitambaa kisichokwaruza ukitembea. Kaa kivulini, na badala ya kujificha nyuma ya kitu kaa mbele ya kitu, kichaka au shina mgongoni kwako likumeze umbo. Kosa kubwa kuliko yote ni kusimama juu ya kilima mbingu ikiwa nyuma yako. Tahadhari moja, kuna nchi kadhaa ambazo raia haruhusiwi kuvaa nguo zenye mfano wa jeshi, rangi ya udongo au kijani kilichopauka haikupeleki kituo cha polisi.

Mwalimu shikamoo. Nilikaa nyuma ya kichaka masaa mawili sikutikisika hata mbu waliniuma nikanyamaza. Wakaja paa watano wanakula, wako vizuri kabisa, ghafla mmoja akapiga mguu chini mara mbili wote wakatimua. Sikutoa sauti wallahi. – Niliyeumwa na Mbu Bure

Marahaba. Nakuamini hukutoa sauti, ulitoa harufu. Upepo ulikuwa mgongoni kwako, ama ulikuwa sawa ukageuka.

Hapa ndipo ndege na wanyama wa miguu minne wanapotofautiana. Ndege wengi hawakutegemei kwa pua, wapo wenye pua kali kama kiwi na albatrosi na baadhi ya tumbusi wa Amerika, lakini wengi ni macho na masikio. Mnyama anayekula majani na kuliwa na wengine, pua ndio mlinzi wake wa kwanza, macho anaweza kuyabishia, akikuona bila kukunusa atasimama akutazame, apige mguu chini, anyanyue kichwa na kukishusha, anakujaribu utikisike. Akikunusa hajadiliani.

Kwa hiyo kabla hata hujachagua pa kukaa, jua upepo. Usitegemee kuusikia shavuni, beba majivu kidogo au vumbi kavu kwenye kichupa uwe unamwaga kiduchu uone linaelekea wapi, au funga uzi mwembamba mwepesi mbele ya lenzi. Upepo ukupige usoni, au basi angalau upite ubavuni. Sehemu za milima ina utaratibu wake, asubuhi jua likishapasha ardhi hewa inapanda juu, jioni ikipoa inateremka, kwa hiyo asubuhi jiweke juu yao na jioni jiweke chini yao. Bondeni na karibu na miamba mikubwa upepo unazunguka, hapo hata mimi huwa nakata tamaa nahama. Manukato, sabuni ya kunukia, sigara, vyote hapana.

Tatizo utakalokutana nalo ni kwamba jua unalitaka mgongoni na upepo unautaka usoni, na mara nyingi havikubaliani. Kanuni yangu ni kwamba kwa ndege nafuata jua, kwa wanyama nafuata upepo. Picha ya mnyama aliyepigwa na jua kwa nyuma ina uzuri wake, picha ya makalio yanayokimbia haina.

Mkianza kunyatia, wao wakiinamisha vichwa kula ndio unakwenda, kichwa kikiinuka unaganda. Kundini wanapokezana kuinua, tafuta yule mwenye kazi ya ulinzi wakati huo uende na yeye, sio yule mzuri unayetaka kumpiga picha. Na usijidanganye kwamba ukitokea nyuma hakuoni, sungura macho yake yako ubavuni anaona karibu mzunguko mzima, sehemu asiyoiona ni ndogo sana.

Kuhusu mbu, fulana ya mikono mirefu.

Nataka kutengeneza maficho yangu mwenyewe karibu na bwawa. Naanzaje? Na ni kweli ndege hawajui kuhesabu? – Fundi wa Kibanda

Karibu mwaka 1900 kule Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walitengeneza ng'ombe dume wa bandia, ngozi ya ng'ombe kabisa, ndani mtupu, mpiga picha anaingia tumboni na kamera yake nzito ya zama zile, lenzi inachungulia kwenye tundu. Walikuwa wameanza tangu 1892 na picha ya kiota chenye mayai, ng'ombe akaja baadaye, wakaja hadi na kondoo. Siku hizi tunawacheka lakini akili yao ni sawa kabisa, ndege alikuwa amezoea ng'ombe malishoni hana habari naye. Maficho mazuri sio yale yasiyoonekana, ni yale ambayo mnyama keshayaona mpaka kayachoka.

Ndio maana gari ni maficho bora kuliko mahema yote. Wanyama waliozoea magari hawaoni mtu ndani, wanaona gari. Simamisha mbali kidogo, sogea vipande vipande, zima injini kwa sababu inatikisa picha, weka mfuko wa mchanga au maharage kwenye dirisha ulaze lenzi hapo juu. Ila usifungue mlango. Mguu mmoja tu ukigusa ardhi lile gari limezaa mtu na kazi imeisha. Na kama kuna wanyama wa kuuma sina haja ya kueleza.

Kwa bwawani, hema dogo au turubai la rangi ya udongo kwenye fito nne linatosha. Lisimamishe siku kadhaa kabla ya kulitumia, kwanza mbali, halafu lisogeze kidogokidogo siku hadi siku. Kitambaa kibanwe vizuri maana kona inayopigapiga na upepo inafukuza ndege kuliko wewe mwenyewe. Tundu la lenzi liwe dogo na ndani kuwe giza, tundu la nyuma liwe limezibwa la sivyo unaonekana kama kivuli kwenye pazia. Ingia kabla hakujapambazuka. Chukua kiti, maji, na kitu cha kujisaidia ndani yake, hili la mwisho watu hawalisemi ila ndilo linalowatoa watu nje saa ambayo mdiria anatua.

Kuhesabu sasa. Ni mbinu ya zamani na mara nyingi inakubali, mnaingia wawili kwenye maficho, mwenzako anatoka anaondoka kwa kujionyesha kabisa, anaimba akitaka, ndege wanaona mtu ameondoka wanarudi. Kwa ndege wengi wadogo na wa majini sawa. Kunguru na jamii yake usiwawekee dhamana.

Kama bwawa liko mbali au limekauka, tengeneza maji yako. Sinia pana yenye maji ya kina kifupi, juu yake ning'iniza chupa yenye tundu dogo sana idondoshe tone moja moja. Ule mdondoko, ile sauti na yale mawimbi madogo, unaita ndege kuliko maji yaliyotulia. Chomeka tawi zuri karibu na sinia, maana karibu kila ndege atatua juu ya tawi kwanza achungulie usalama kabla ya kushuka, na picha yako ni hapo kwenye tawi, sio kwenye sinia. Badilisha maji na osha sinia mara kwa mara, ndege wanaambukizana magonjwa hapo.

Wale mnaouliza kuhusu kuacha kamera yenye kitambuzi (kinachohisi mnyama akipita) ijipige yenyewe usiku, inakubali sana, na sio jambo jipya. George Shiras wa Marekani alikuwa anafunga kamba njiani kwa wanyama, mnyama akiigusa kamera na flashi vinajifyatua, picha zake 74 zikatoka kwenye jarida la National Geographic mwaka 1906. Kwa flashi ya unga wa kulipuka! Wewe una betri na kitambuzi, usilalamike.

Kuna ndege kajenga kiota kwenye mti wangu, makinda yameshatoa manyoya. Nikikata vitawi viwili vinavyoziba nitapata picha kali sana. Lenzi gani unashauri? – Jirani Mwema

Nashauri mkasi urudi ndani.

Vile vitawi ndivyo vinavyoweka kivuli, bila hivyo makinda yanaungua jua, na ndivyo vinavyomficha mwewe asione. Mama akiogopa kurudi kwa sababu yako mayai yanapoa au makinda yanakaa na njaa. Makinda yaliyokaribia kuruka ndio mabaya zaidi, ukiyasogelea yanaruka nje kabla ya wakati, hayajui kupaa, na hayarudi. Halafu ile njia unayoikanyaga kwenda na kurudi kwenye nyasi, wanyama wanaokula makinda wanaifuata. Uingereza sheria yao ya 1981 inafanya kuwa kosa kuwasumbua baadhi ya ndege wakiwa kiotani au karibu na kiota bila kibali, na nchi nyingine nazo zina zao, ulizia.

Na sio ndege tu anayeumia. Eric Hosking, mmoja wa wapiga picha wa ndege maarufu zaidi Uingereza, alipoteza jicho mwaka 1937 huko Wales, bundi alimpiga kucha usoni usiku alipokuwa anakwenda kwenye maficho yake karibu na kiota.

Mara nyingi utakuwa karibu na kiota bila kujua, kwa hiyo zijue dalili. Ndege ana mdudu mdomoni hamli, anasubiri tu anakutazama, ujue kuna midomo inasubiri. Anazunguka juu yako anapiga kelele. Anajiburuta chini kama bawa limevunjika, huyo anakuigizia umfuate yeye uache makinda, baadhi ya ndege wanaotaga chini ndio mchezo wao. Ukiona lolote katika hayo toka, na toka ulikotokea huku unaangalia unapokanyaga. Hali kadhalika mtoto wa paa uliyemkuta kajilaza peke yake kwenye nyasi, hakutelekezwa, mama yupo anakusubiri wewe uondoke.

Ukitaka picha za makinda ya huyo jirani yako, subiri yatoke yenyewe. Siku chache baada ya kutoka yanakaa tawini yanapiga kelele yanalishwa hadharani.

Nina programu kwenye simu yenye sauti za ndege. Nikiipiga ndege anakuja mpaka karibu ya kichwa changu! Mbona hujawahi kuisifia? – Didiyei wa Msituni

Kwa sababu sijui kama ungependa mtu asimame nje ya nyumba yako saa kumi na moja alfajiri anapiga kelele kwamba nyumba ni yake na mke ni wake. Ndicho unachomwambia yule dume. Anaacha kula, anaacha kulinda, anakuja kutafuta adui asiyekuwepo, tena anakaa wazi mwewe amwone. Wakati wa kuzaliana ndio anakuja kwa haraka zaidi na ndio wakati mbaya zaidi wa kumfanyia hivyo. Hifadhi nyingi wamepiga marufuku. Mimi niliitumia zamani nikaiacha, na hata picha zenyewe ukiziangalia vizuri ndege wote wana sura ya ugomvi.

Tumia hiyo programu kwa kazi yake nzuri, jifunze sauti. Ukiijua sauti unajua yupo kabla hujamwona, na ukizijua sauti za kutahadharishana unajua kuwa wewe umeonekana, au kuna mwingine anapita, labda mwenye picha nzuri zaidi.

Droni? – Mwenye Haraka

Hapana. Watu wanasema "mbona mnyama hakimbii". Kutokimbia sio kutulia. Kule Minnesota, Marekani, watafiti waliwawekea dubu weusi vifaa vya kupima mapigo ya moyo wakarusha droni juu yao, majibu yakachapishwa 2015. Dubu wengi walikaa tu kwa nje kama hawana habari, ndani moyo unakwenda mbio.

Sina kamera nina simu tu. Niache? – Mnyonge

Usiache, badilisha windo. Kipepeo, kerengende, mjusi na panzi wanapigika na simu vizuri sana kama ukiamka mapema, kabla jua halijawapasha hawana nguvu ya kuondoka haraka. Kitu kimoja tu, kivuli chako kisimwangukie, hapo hapo anaondoka. Kwa ndege, weka simu kwenye stendi ndogo karibu na lile sinia la maji tuliloongea, washa video au tumia kirimoti kidogo cha bluetooth, kaa mbali ubonyeze. Wengine wanashikiza simu kwenye jicho la darubini wakapiga chabo kupitia humo, inahitaji mkono mtulivu ila inatoa picha.

Spidi ya shata niweke ngapi, na mlio wa kamera unawatisha? – Mgeni wa Vitufe

Aliyetua anza na 1/500 ya sekunde, anayeruka 1/2000 au ya haraka zaidi, mwanga ukikosa pandisha ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga), picha yenye chengachenga ni bora kuliko yenye ukungu wa kutikisika. Mlio unawatisha wengine, hasa mfululizo wa tatatatata karibu yao. Piga moja moja mpaka wakuzoee. Shata ya kimya ya elektroniki ni neema ila kwenye kamera nyingi mabawa yanayopiga haraka yanatoka yamepinda.

Wale ndege wa pwani wenye miguu mirefu wanaochokoa tope, wako mbali mita mia na zaidi, pako wazi hakuna hata jani la kujificha. Nimejaribu kutambaa nikazama mpaka kiunoni. Nisaidie. – Mtu wa Tope

Hao ndio kipenzi changu, na hutakiwi kuwafuata hata hatua moja, maji yatakuletea.

Angalia jedwali la saa za maji kujaa na kupwa. Yakiwa yamepwa kabisa ndege wametawanyika mbali huko, kila mmoja na tope lake. Yakianza kujaa wanarudishwa nyuma kuelekea nchi kavu, mita kwa mita, kwa sababu wanakula pale pale maji yanapokutana na tope. Kwa hiyo wewe fika mapema wakiwa bado mbali, chagua sehemu kavu iliyo juu kidogo ya pale maji yatakapofikia baada ya saa moja hivi, jua likiwa mgongoni, lala kifudifudi juu ya turubai, lenzi iwe chini kabisa kwenye mfuko wa mchanga, halafu usifanye kitu. Watakuja wenyewe wanakula, wanakutazama, wanaendelea kula. Nimewahi kuwa na sululu, mmoja wa ndege hao, karibu kiasi kwamba lenzi ilikataa kushika fokasi.

Wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo) maji yanakwenda mbali na kurudi kwa kasi, usilale mahali penye mkondo nyuma yako, utajikuta kisiwani na kamera. Na maji yakishajaa kabisa ndege wanabaki na kipande kimoja tu cha mchanga cha kupumzikia mpaka yapwe tena, hapo usiwasogelee, wakikurupushwa hawana pengine pa kwenda. Maliza kabla ya hapo. Na ukimaliza usisimame ghafla ukajipangusa magoti ukaanza kuangalia picha, rudi nyuma kwa tumbo vile vile ulivyokuja mpaka uwe mbali, ndio, na tope lote hilo.